Bei ya Udogo: Kumbukumbu za Antena kutoka Chato

Wimbi la redio la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33. Linaizidi rula ya shule kwa vidole viwili hivi. Nokia 3310, simu iliyoingia sokoni mwaka 2000 na kuzagaa mpaka vijijini, haikufika sentimita 12. Bado ilipiga na kupokea kwa wimbi hilo. Tena ilibeba na la pili, la megahezi 1800, kwa kuwa mitandao ya simu Tanzania ilitumia masafa hayo mawili na simu haikuwa na hiari ya kuuchagulia mnara masafa. Antena iliyofanya kazi zote mbili ilijificha mgongoni, chini ya kava, na hapakuwa na mteja aliyewahi kuiulizia bei.

Mwandishi wa kumbukumbu hii aliikuta antena hiyo Buseresere, mji wa barabarani katika Wilaya ya Chato, enzi ambazo Chato ilikuwa bado Mkoa wa Kagera. Mkoa wa Geita, ulioichukua Chato, ulikuja mwaka 2012. Jioni baada ya masomo alishinda kwenye kibanda cha fundi simu. Kazi yake ilikuwa kupanga bisibisi, kuagizwa chai na kutazama. Simu zilizokufa kabisa zilitupwa kwenye boksi la spea, na humo ndimo alimotoa kibati chembamba kuliko jani la mgomba, kimekatwa mpasuo uliopinda pinda katikati. Alikitunza kwenye mkebe wa hesabu pamoja na bikari.

Kibati hicho hakikuchomelewa popote. Kiligusana na ubao wa saketi kwa springi mbili ndogo. Siku moja mama muuza dagaa alileta simu yake amekata tamaa.

“Fundi, hii si imekufa? Mpaka nipande kichuguu ndiyo inashika.”

“Haijafa, mayu. Springi za antena zimeota kutu.”

Fundi alizikwangua kwa ufutio wa penseli, akazinyanyua kidogo kwa ncha ya kibano, akafunga kava. Simu ikashika pale pale kibandani. Fundi huyo hakuwa amesoma nadharia ya antena, lakini alijua jambo ambalo wanafunzi wengi wa uhandisi huchelewa kulielewa: springi zile mbili hazifanyi kazi moja. Moja huleta umeme wa redio kutoka kwenye saketi. Nyingine hukiunganisha kibati na shaba ya chini ya ubao, na ikikatika hiyo, simu huendelea kuwaka vizuri tu, ila mnara ndio hauonekani.

Antena ya aina hii ni shaba mbili zilizotenganishwa na kihami: sahani pana chini, kiraka kidogo juu. Umeme wa redio ukisukumwa kwenye kiraka huenda na kurudi kutoka ukingo hadi ukingo, na kingo ndizo zinazorusha mawimbi hewani. Kiraka huitikia pale urefu wake unapokaribia nusu ya wimbi, wimbi lenyewe likiwa limefupishwa na kihami kilicho chini yake. Mtu aliyekulia Usukumani huielewa haraka kwa ngoma: kubwa hulia chini, ndogo hulia juu, na hakuna mpigaji anayeipata sauti ya kubwa kwenye ndogo bila kufanya ujanja kwenye ngozi.

Ujanja upo, na umekusanywa kwa miaka mingi. Georges Deschamps alitoa wazo la antena bapa nchini Marekani mwaka 1953, likakaa karibu miaka ishirini bila kushika kasi, hadi Robert Munson na John Howell walipozitengeneza kwa vitendo miaka ya mwanzo ya 1970, wakati vyombo vya kuruka vilipohitaji antena isiyochomoza nje ya bodi. Baadaye mafundi wa simu walikuja na njia zao. Ukikiunganisha kiraka na sahani ya chini kwenye ukingo mmoja, urefu unaohitajika hushuka kutoka nusu ya wimbi hadi robo. Ukikikata mpasuo, umeme hulazimika kuuzunguka, njia yake inakuwa ndefu, na kiraka kinaitikia masafa ya chini bila kuongezeka ukubwa. Ukipanga mpasuo ili ubaki na matawi mawili, refu na fupi, unapata bendi mbili kwenye kipande kimoja. Ndicho kilichokuwa mgongoni mwa Nokia: tawi refu la 900, tawi fupi la 1800.

Huko Boston, mtaalamu wa astronomia ya redio aitwaye Nathan Cohen alikunja waya kwa maumbo yanayojirudia ndani ya yenyewe, akachapisha matokeo mwaka 1995. Mwaka huohuo watafiti walionyesha kwamba mpasuo wenye umbo la herufi U ndani ya kiraka unaweza kupanua bendi yake kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo majarida ya uhandisi hayajapumzika. Kila toleo lina kiraka kipya chenye mipasuo ya ajabu zaidi ya jana.

Lakini hakuna hata kimoja kinachokwepa ankara. Mwaka 1948 Lan Jen Chu, mhandisi wa MIT, alionyesha kwa hesabu kwamba antena iliyo ndogo sana ikilinganishwa na wimbi lake ina ukomo wa upana wa bendi, na ukomo huo hausogezwi kwa ubunifu wa umbo. Anayepunguza ukubwa hulipa kwa upana wa bendi, au kwa ufanisi, au kwa vyote viwili. Na akitaka bendi tatu kwenye kiraka kimoja, kila bendi hudai fungu lake kutoka kwenye nafasi ileile.

Mwandishi alikuja kuisoma ankara hiyo kwa mikono Dar es Salaam, akiwa mwanafunzi wa uhandisi wa mawasiliano. Somo la kwanza lilikuwa la vipimo. Ubao wa saketi uliozoeleka, ule wa nyuzi za kioo na gundi unaoitwa FR-4, ukiwa na unene wa milimita 1.6, unahitaji kiraka cha takriban milimita 29 kwa 38 ili kiitikie gigahezi 2.45, masafa ya Wi-Fi. Kwa megahezi 900 kiraka cha namna hiyohiyo hufika sentimita 8 kwa 10, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Njia ya shaba inayokipelekea umeme ina upana wa milimita 3 hivi ili impidansi yake iwe omu 50, na haigusi ukingo wa kiraka moja kwa moja, maana pale ukingoni impidansi huzidi omu 200. Inachimbiwa ndani mpaka pafae.

Vipimo hivyo kila kitabu kinavyo. Visivyokuwamo vitabuni vilipatikana bwenini, penye printa ya leza, pasi ya nguo na beseni la dawa ya kuyeyushia shaba. Mchoro huchapwa kwenye karatasi laini ya gazeti la matangazo, unapigwa pasi juu ya ubao, kisha ubao unatumbukizwa kwenye dawa. Dawa ikikaa muda mrefu hula shaba hata chini ya wino, na kiraka kinapungua pembeni. Kwenye kiraka cha milimita 29, kupungua kwa nusu milimita hupandisha masafa kwa megahezi 40 hivi. Bendi yote ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 ina upana wa megahezi 83.5.

Ubao wenyewe nao una mambo yake. Vitabu huandika kwamba FR-4 ina kiwango cha kihami cha 4.4, lakini ubao unaouzwa madukani unaweza kuwa 4.2 au 4.7, kutegemea kiwanda na hata shehena. Kiraka kilichochorwa kwa 4.4 kikikatwa kwenye ubao wa 4.7 hushuka kutoka 2.45 hadi karibu 2.37, nje kabisa ya bendi. Programu ya kompyuta, hata iwe ya bei mbaya au ya bure kama openEMS, hukubali namba unayoilisha. Kwa hiyo mwandishi na wanafunzi wenzake walijizoesha kukata kwanza kiraka cha mraba kisicho na mpasuo wowote, kukipima, na kutokana na masafa yake kuukokotoa ubao wao halisi, ndipo waanze mchoro wa bendi nyingi. Ni kazi ya saa chache na inaokoa wiki nzima.

Kupima nako kulikuwa kumebadilika. Zamani kifaa cha kupima antena kilikuwa mali ya maabara, kimefungwa kabatini, na ufunguo uko kwa mtu aliyesafiri. Kufikia mwaka 2019 kilienea kifaa kidogo cha mkononi kiitwacho NanoVNA, bei yake ndani ya uwezo wa wanafunzi wakichangishana. Matoleo ya mwanzo hayakufika gigahezi 2.4, ila kwa masafa ya simu ya 900 yalitosha, na yaliyofuata yalifika gigahezi 3. Kioo chake huonyesha mstari unaozama pale antena inapokubali umeme. Mhandisi hutaka mstari uzame chini ya desibeli hasi kumi, maana yake si zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu inayorudishwa.

Hapo pana mtego unaostahili kusemwa kwa sauti. Mstari unaozama vizuri hauthibitishi kwamba antena inarusha. Unathibitisha kwamba umeme haurudi. Unaweza kuwa umekwenda hewani, unaweza kuwa umekuwa joto ndani ya gundi ya FR-4. Kwenye kiraka chembamba kilichobanwa sana, karibu nusu ya nguvu inaweza kuishia huko. Kipande cha kinzani cha omu 50 huzamisha mstari vizuri kuliko antena yoyote, kwa bendi zote, na hakirushi kitu. Tasnifu nyingi za antena za bendi nyingi hupambwa kwa mstari huo peke yake, bila neno juu ya ufanisi, na mwandishi huyu huzisoma akiwa na shaka.

Mradi wa mwisho ulimrudisha nyumbani. Wavuvi wa mwambao wa Chato, kule Muganza na mwalo wa Kasenda, hutoka usiku kuvua dagaa kwa taa, na katika Ziwa Victoria injini ya mtumbwi ni mali inayoibwa. Wazo la kundi la mwandishi na wenzake lilikuwa kisanduku kidogo cha kufungwa kwenye mtumbwi: kijue kilipo kwa GPS, kitume ujumbe kwa mtandao wa simu. Bendi tatu basi: megahezi 900 na 1800 za simu, na 1575.42 ya setilaiti. Kichwani kila mmoja alikuwa na picha ya kiraka kimoja maridadi chenye mipasuo mitatu, kinachofanya yote. Ni aina ya mchoro unaopendeza kwenye tasnifu.

Kabla ya kukata shaba, mwandishi alimpelekea mchoro yule fundi wa Buseresere. Mzee aliugeuza geuza.

“Hii inatazama juu?”

“Ndiyo, Fundi. Nguvu yake kubwa inaelekea juu.”

“Setilaiti sawa, iko juu. Mnara wa Muganza nao umehamia mbinguni lini?”

Swali lile lilimaliza habari ya kiraka kimoja. Kiraka juu ya sahani hurusha kwa kuelekea mbele yake. Kikilazwa juu ya mtumbwi, mbele yake ni angani, na kuelekea upeo wa macho nguvu hupungua sana. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu, na ndiko kiraka kinakotazama. Mnara uko pwani, karibu usawa wa maji. Juu ya hayo, mawimbi ya GPS huja yakizunguka upande wa kulia, na kiraka chake hukatwa pembe mbili au kulishwa pembeni ili kiyapokee yalivyo; ya simu hayazunguki. Kuzilazimisha bendi zote tatu kwenye shaba moja kungezalisha antena inayofaulu majaribio mezani na kukosa mnara ziwani.

Wakagawanya. Kwa GPS walichukua kiraka cha kauri kilicho tayari, cha milimita 25 kwa 25, aina ileile inayokaa ndani ya vifaa vya kufuatilia magari. Kauri yake ina kiwango cha kihami cha karibu 20, ndiyo maana mraba mdogo hivyo huweza kuitikia wimbi la sentimita 19. Kwa simu wakatengeneza kibati cha matawi mawili chenye springi ya kuunganisha na sahani, mjukuu halali wa kile cha Nokia, kikasimamishwa kwenye ukuta wa kisanduku ili kitazame pembeni. Ubunifu wao wote ukawa kwenye matawi hayo mawili.

Kuweka antena mbili kwenye kisanduku kimoja kulileta ugomvi mwingine. Mawimbi ya GPS yanapofika ardhini ni hafifu kupita kiasi. Modemu ya GSM ya 900 iliyo umbali wa sentimita chache hurusha hadi wati 2. Ikiguta, GPS inazibwa. Dawa ilikuwa kuzitenga kadiri kisanduku kilivyoruhusu, kuweka kichujio mbele ya kipokezi cha GPS, na kwenye programu kuhakikisha nafasi inasomwa kwanza, ndipo modemu iwashwe kutuma. Hiyo ya tatu haikugharimu shilingi, na ndiyo iliyosaidia zaidi.

Kisha maji. Kiwango cha kihami cha maji kinakaribia 80, kwa hiyo hata utando wa maji juu ya kisanduku cha plastiki huvuta masafa ya antena kuelekea chini. Kipimo kilichochukuliwa kwenye kisanduku kikavu ndani ya chumba na kile cha kisanduku kilichomwagiwa kopo la maji ya ziwa havikulingana. Kundi likaamua kuipima antena ikiwa ndani ya kisanduku chake, kimelowa, kimefungwa kwenye ubao wa mtumbwi, na kuikata shaba kwa hali hiyo. Ikiwa kavu ilikaa juu kidogo ya katikati ya bendi, ikiwa imelowa chini kidogo. Upana wa bendi walioupata kwa kuinua kibati juu ya sahani milimita chache, kukiwa na hewa tupu katikati badala ya FR-4, ndio uliobeba tofauti hiyo. Kisanduku kikanenepa. Hakuna mvuvi aliyelalamika unene.

Makampuni makubwa nayo hayakuyakwepa mambo haya. Mwaka 2010 Apple ilitoa iPhone 4 ikiwa na antena kwenye fremu ya chuma ya pembeni; mkono wa mtumiaji ulipoziba sehemu fulani ya kushoto chini, mtandao ulishuka, na kampuni ikaishia kugawa vifuniko bure. Chato watu wa vibanda vya simu walikuwa na toleo lao la mjadala huo: simu zisizo na chapa ya kueleweka zilizouzwa kwa bei ya kutupa, laini mbili, redio, televisheni, tochi, na antena ya aina ya “itajulikana mbele ya safari”. Nyingi zilizimwa usiku wa tarehe 16 Juni 2016, pale Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipofungia simu bandia zote nchini.

Orodha ya masafa tangu hapo imerefuka. Simu janja inayouzwa leo mjini Katoro hutegemewa kushika 700, 800, 900, 1800, 2100, na juu zaidi 2300, 2600 na 3500 ya kizazi cha tano, ukiachilia mbali Wi-Fi, bluetooth na GPS. Mabasi ya mikoani yana vifaa vya kufuatilia mwendo chini ya usimamizi wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, navyo vimebeba antena za simu na setilaiti. Mwezi Mei 2023 serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Mahitaji ya antena ndogo za bendi nyingi hayatapungua.

Lakini mtu wa mjini, mnara ukiwa mtaa wa pili, hajui antena mbovu ni nini. Mahali penye mnara mmoja kwa vijiji vitatu, kila desibeli ina mwenyewe. Antena ikishuka ufanisi kutoka asilimia 50 hadi 25, imepoteza desibeli tatu, na kwa hesabu ya anga wazi umbali inaofika hupungua kwa karibu asilimia 30. Mama wa dagaa alikuwa akiilipa asilimia hiyo kwa kupanda kichuguu. Mbunifu anayeongeza bendi ya nne ili orodha ipendeze, wakati mnara wa kijijini unarusha bendi mbili, anamtoza mtu huyo.

Wanafunzi wanaochagua mada hii sasa, iwe Kijitonyama jijini Dar es Salaam, Arusha au Mbeya, wanaombwa wafanye mambo mawili kabla ya kufungua programu ya kuchora. Waandike masafa ambayo minara ya mahali husika inarusha kweli, na waulize kifaa kitakaa wapi, kimetazama wapi, kimelowa au kikavu. Wasimamizi nao wadai kipimo cha ufanisi, au angalau jaribio la ujumbe kutoka mwaloni, pamoja na ule mstari unaozama. Na anayekusudia kukiuza kifaa chake akumbuke kwamba kifaa chochote cha redio kinatakiwa kiidhinishwe na TCRA kabla ya kuingia sokoni Tanzania; maombi hayo yaanze mapema, mchoro ukiwa bado unarekebishika.